Mashine Isiyotaka Maji

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile ambayo mjomba wangu Mloka aligombania ndoo ya maji na fundi pale Msamvu, watu wamejaa kama gulio, mjomba anapiga kelele, "Mnaniulia mashine!" Na sauti ya mjomba si ya kawaida. Akikuita yuko Kinole mlimani na wewe uko Ngerengere, unaitika. Basi siku hiyo ndiyo nilijua injini ndogo inaishi vipi na inakufa vipi. Mimi shule niliipita kwa nje tu, nikienda shamba, lakini hilo nalijua. Ninyi mnaoniuliza kila siku, "Babu, hivi injini ya bodaboda inadumu muda gani?" kaeni hapa. Atakayesinzia nitamkalia.

Ilikuwa enzi za ruksa, vitu vimeanza kuingia nchini kwa wingi. Kabla ya hapo, huko kwetu mlimani kusaga mahindi ilikuwa adhabu. Mashine ilikuwa moja tu, ya ushirika, iko chini kabisa bondeni, nayo ilikuwa inapozwa kwa pipa la maji. Mwanamke akishuka na debe la mahindi, lazima abebe na ndoo ya maji ya kuinywesha ile mashine. Bila maji, husagiwi. Ilikuwa inakunywa maji kuliko ng'ombe wa Gairo wote.

Ruksa ilipokuja, mtu binafsi naye akawa anaweza kununua ya kwake. Mjomba akaota kuwa na mashine. Pesa hana. Akafanya nini? Akapanda juu ya nyumba yake akaezua mabati, yote, akayauza, akaezeka nyasi. Mkewe, mama Zaina, alirudi kutoka shamba akakuta mabati yameondoka. Alisimama uani akatazama juu, akatazama chini, akasema neno moja tu: "Mloka, hiyo mashine ikifa, mimi na wanangu tunarudi kwa mama yangu." Na mama Zaina hakuwa mtu wa kusema mara mbili.

Mjomba akashuka Morogoro mjini, akarudi na injini ndogo ya petroli, hii ya kuvuta kamba, na kinu chake. Muuzaji dukani alimwambia, "Mzee, hii ni ya kisasa. Hii haitaki maji."

Basi hilo neno ndilo lililotumaliza, mwanangu. Muuzaji alikuwa na maana kwamba haina pipa, inapozwa na upepo wa feni yake yenyewe. Lakini mjomba, na sisi wote, tulielewa kwamba maji ni mwiko wake. Haitaki maji! Kama mtu asiyekula kambale. Na wewe unakujua Kinole. Kule ukungu unaingia mpaka ndani ya sufuria. Nguo ukiianika Ijumaa, Ijumaa nyingine inadondosha matone. Sasa mashine isiyotaka maji utaiweka wapi?

Mjomba akaijengea kibanda, akakandika udongo, hakuacha hata tundu la panya. Wanawake waliokuja kusaga ilibidi wajifute mikono kwenye kanga kwanza. Aliyevuka mto anasimama nje mpaka miguu ikauke. Kuiosha? Thubutu! Pumba ikaigandia mwili mzima, juu yake manyoya ya kuku, ikawa kama imeota ndevu. Tukaiita Mwali, maana ilifungiwa ndani kama binti aliyevunja ungo.

Halafu ikaja baridi ya mwezi wa saba. Mjomba akaiwasha asubuhi akaiona inatetemeka. Injini ndogo zote zinatetemeka, ndiyo kazi yake, lakini yeye akasema, "Jamani, ina homa." Akaenda kuchukua blanketi la kitandani kwake akaifunika, ikafanya kazi imejifunika gubigubi kama mgonjwa wa malaria. Mama Zaina akawa analala hana bati wala blanketi.

Usinicheke mwanangu, wewe mwenyewe pikipiki yako umeivalisha turubai na maua ya plastiki mpaka haioni njia.

Miezi haikupita mingi, Mwali akaanza kuugua kweli. Asubuhi inasaga vizuri, jua likipanda inazima. Ikipoa inawaka, ikipata moto inazima tena. Oili ukiweka leo kesho huioni. Moshi ukawa wa bluu, mwingi, kuku wanarudi bandani saa nne asubuhi wakidhani usiku umeingia. Na kamba ya kuwashia, ambayo zamani ilikuwa inakuvuta mkono mpaka bega linauma, sasa unaivuta kama unavuta uzi kwenye shati. Mjomba dawa yake ni moja: anaongeza blanketi.

Siku moja akapita mnunuzi wa chuma chakavu kutoka Gairo, jina lake Masele, ana maneno matamu kama muuza kahawa. Akaivuta ile kamba kidogo, akatikisa kichwa.

"Pole sana, mzee wangu. Hii marehemu."

"Marehemu vipi na asubuhi imesaga?"

"Hata marehemu anakuwa wa moto kidogo mwanzoni. Nakupa mbuzi wawili, nakuondolea uchuro."

Mjomba akaanza kuwatazama wale mbuzi Masele aliokuja nao. Mama Zaina akatoka jikoni na mwiko wake mkononi. "Mabati yangu yamekuwa mashine, mashine iwe mbuzi, na mbuzi watakuwa nini, Mloka? Supu?" Halafu akaongea polepole, na hapo ndipo sote tuliogopa. "Ipelekeni kwa fundi. Fundi akisema imekufa, mimi nguo zangu nimeshafunga." Tukachungulia mlangoni, na kweli furushi lipo, na viatu vya watoto vimewekwa juu.

Tukaibeba kwenye mti, mimi mbele mjomba nyuma, mpaka barabarani, tukapanda lori la ndizi. Masele naye akapanda na mbuzi wake, hataki kuipoteza. Msamvu, pale Morogoro mjini, tukafika kwa fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi karakana ya reli, Fundi Kibwana, mtu mnene, mwenye matusi na majisifu. Alikuwa anasema treni ikikohoa Ngerengere, yeye anajua imekula nini.

"Shikamoo fundi," mjomba akasema.

"Marahaba. Kwani mmeleta injini au maiti? Blanketi la nini?"

Mjomba akaeleza homa yote, na mwiko wa maji. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaanza kazi, na mimi nikatoa macho.

Kwanza akalegeza kizibo cha oili, akaikinga kwenye kiganja, akaisogeza juani na kuisugua kwa kidole. "Natafuta vitu vinavyong'aa," akasema. "Chuma kikisagika, oili inametameta kama uso wa bibi harusi. Hii ni nyeusi kama dhambi, lakini haing'ai." Akaimwaga yote, akatia mpya. Akashika shafti akaitikisa juu chini. Haikucheza. Akavuta kamba taratibu: nyepesi. Ndipo akafungua plagi, akadondosha oili kidogo kwenye kile kitundu, akarudisha plagi, akavuta tena. Kamba ikagoma! Ikamvuta mkono.

"Umeona, mzee?" akamwambia mjomba. "Oili imeziba pengo, pumzi imerudi. Basi ugonjwa uko kwenye ringi za pistoni, zimelika. Ingebaki nyepesi vilevile, ningesema valvu. Hii haijafa. Imechoka tu, na walioichosha ni ninyi."

Masele akaingilia, "Fundi, usimpe mzee matumaini ya uongo."

"Wewe mwenye mbuzi, walishe hao, wanakula kamba yangu."

Sasa hapo ndipo akaiacha ipoe kabisa, akaziba midomo yake ya hewa kwa matambara, akachukua brashi, sabuni na ndoo ya maji. Mjomba akaruka. "Haitaki maji! Haitaki maji!" Akashika ndoo huku, fundi akashika huku, wanavutana, maji yanamwagikia mbuzi, Msamvu nzima imekuja kutazama, hata basi la bara nadhani lilichelewa kuondoka kwa ajili yetu.

Fundi akaachia ndoo, mjomba akaanguka nayo akalowa chapachapa. Fundi akamwinamia, safari hii hana utani.

"Mzee Mloka, nisikilize. Aliyekuambia haitaki maji hakukudanganya, na wewe hukumuuliza. Hivi vimbavu vya chuma kwenye silinda unaviona? Hapa ndipo inapopumua. Upepo unapita katikati unabeba joto. Wewe umeziba kwa pumba, ukafunga madirisha, ukaivika blanketi. Umeioka! Joto likaunguza oili, oili ikashindwa kulainisha, ringi zikalika. Hata mwali anayefungwa ndani anatolewa, anachezwa ngoma. Wa kwako ulitaka afie humo?"

Mjomba alikaa pale kwenye tope, akavitazama vile vimbavu. Halafu akanyanyuka, akamrudishia fundi ndoo kwa mikono miwili. "Muoshe," akasema.

Alioshwa Mwali, mpaka vimbavu vikaonekana vyeupe. Chujio la hewa lilitoka limejaa unga wa kutosha ugali wa msiba. Fundi akafungua silinda, akapitisha kidole juu ndani, akasema ukingo umeanza kujichonga lakini ni kidogo, itavumilia ringi mpya. Akabadilisha, akasugua na valvu kidogo zizibe vizuri, akafunga. Kuvuta mara moja, ikanguruma mpaka mbuzi wa Masele wakakata kamba wakakimbilia njia ya Dodoma, na yeye nyuma yao. Sijamwona tena mpaka leo.

Tuliporudi Kinole, mjomba alibomoa ukuta wa kibanda upande wa upepo kabla hata hajanywa maji. Mama Zaina alisimama akaisikiliza ikisaga tangu asubuhi mpaka jua la utosi bila kuzima. Akaingia ndani, akatoka na viatu vya watoto, akawavalisha, akawatuma kisimani. Ile mashine ilisaga mpaka Zaina akaolewa na akaleta wajukuu, ikabadilishwa ringi mara nyingine, mpaka silinda yenyewe ikalika. Na hapo ilikufa kwa uzee, kwa heshima zake.

Sasa mwanangu, swali lako. Injini inayopozwa na upepo haihesabiwi umri kwa miaka. Inahesabiwa kwa saa ilizofanya kazi, na kwa jinsi ulivyoitunza saa hizo. Oili ibadilishe kabla haijawa lami. Chujio lisafishe, vimbavu visugue, upepo uachie njia. Ukiona moshi wa bluu, au nguvu zinapungua ikipata moto, usikimbilie kuuza wala kulia: pima kwanza, ujue kinacholika ni ringi, valvu au shafti, maana kila kimoja kina dawa yake. Na mtu akikuambia neno kuhusu kitu usichokijua, muulize palepale, "Una maana gani?" Kuuliza hakujamtia mtu aibu ya siku mbili. Kunyamaza kulikaribia kumvunjia mjomba nyumba.

Basi nendeni. Mola awape riziki ya jasho lenu, awaepushe na ajali za barabarani, na kila mtakachokishika kiwazeekee mikononi mwenu kikiwa kizima. Semeni amina, halafu mmoja anisukumie hiyo pikipiki hapa niisikilize inavyopumua.