Anuar na Msaliti Aliyepiga Magoti Langoni

Anuar wa Kikwajuni ana miaka ishirini na tisa, hajawahi kutulia dakika tano mfululizo, na kazi yake ni kufunga dari za jipsam. Siku sita yuko juu ya ngazi, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Siku ya saba, Jumapili baada ya Adhuhuri, anakaa chini ukumbini kwa mama yake na kuitawala nchi nzima.

Nchi yenyewe haipo, lakini msicheke. Ni mchezo wa mezani. Mmoja anasimulia, na huyo ni Anuar. Wengine kila mtu ana mhusika wake, anaamua aseme nini, aende wapi, amuue nani. Pale ambapo hakuna ajuaye jambo litakwendaje, inarushwa dadu yenye nyuso ishirini, na dadu ikishasema imesema. Alijifunza mwenyewe kwenye simu, kwa video za watu asiowajua, akaandika sheria katika daftari kwa Kiswahili chake mpaka zikawa zake. Mama yake, Bi Maisara, aliweka sharti moja tu: mlango uwe wazi muda wote, mtaa uone kwamba hapachezwi kamari.

Kuna kitu Anuar amekikimbia maisha yake yote. Babu yake wa Kidichi, Mzee Mkadam, alikuwa mpiga ramli. Watu walikuja hata kutoka Uroa, wakakaa mkekani, wakatia nia kimyakimya, naye akachora nukta zake kwenye mchanga na kuwaambia wamuoe nani, wasafiri lini, wamfukuze nani. Anuar akiwa mdogo aliwaona wakiondoka. Wameshapata jibu, hawana tena haja ya kufikiri. Lilimkera. Mpaka leo linamkera.

Jumapili hiyo walikuwa watatu. Anuar, Simai fundi friji anayependa vita, na Faiza muuzaji wa duka la dawa, ambaye kwa kawaida ndiye anayechekesha meza. Siku hiyo hakuchekesha mtu. Chai yake ilipoa haijaguswa.

Hadithi ilikuwa imefika pazuri. Mji wa Marijani umezingirwa na majitu. Langoni kapiga magoti Ghurabu, mtu wa mji huohuo, aliyewahi kuyauzia majitu siri za ngome. Anaomba aingie. Funguo za lango anazo mhusika wa Faiza.

"Mkate kichwa," alisema Simai. "Mie nshachomoa panga."

"Hebu tulia wewe. Funguo nnazo mie."

"Funguo unazo, akili je? Huyu alituuza, Faiza. Alituuza tumelala."

"Ona anavyolia."

"Alilia na mwanzo. Anuar, si alilia na mwanzo?"

"Alilia," alisema Anuar, akijikuna kidevu kama hajui lolote.

Alikuwa anajua. Wiki tatu nyuma alishaandika daftarini: Ghurabu akiingizwa, siku ya pili atafungua lango kwa ndani, mji utaungua. Mstari ule ulimpa raha. Tangu auandike alikuwa anahesabu Jumapili.

"Namfungulia," alisema Faiza. Hapohapo akasimama. "Lakini usiendelee. Anuar, njoo nje kidogo."

Walikaa barazani. Faiza hakuzunguka.

"Mkubwa anatoka Alhamisi."

Mkubwa ni kaka yake. Miezi sita yuko soba hausi, nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya. Kabla ya hapo miaka minne kwenye unga, na katika miaka hiyo aliuza mtungi wa gesi, akauza cherahani ya mama yao, akauza mpaka mlango wa choo.

"Mama kanambia niamue mie," alisema Faiza. "Arudi nyumbani, au atafutiwe pengine."

"Allah awasahilishie. Sasa mchezo unaingiaje hapo?"

"Nimetia nia."

"Nia ya nini?"

"Kwa Ghurabu. Akituuza tena, Mkubwa haingii kwetu. Akitulia, anarudi. Nshamaliza."

Anuar alimgeukia. "Faiza, ile dadu ni plastiki. Nimeinunua mtandaoni."

"Na babu yako alikuwa na mchanga. Mchanga una nini?"

"Mie siyo babu yangu."

"Usinifanyie maneno, Anuar. Nimeswali istikhara wiki mbili, nnamuomba Mungu anioneshe njia, moyo haujaelemea popote. Nimechoka. Wewe simulia tu."

Akarudi ndani.

Anuar akabaki anazunguka. Akifuata daftari, mtu atafungiwa mlango kwao kwa sababu ya mstari mmoja wa mchezo. Akiubadilisha, teja lililoacha miezi sita tu linarudi kwenye nyumba ya mama mwenye presha, na likiiba tena, nani kaliingiza? Akirusha dadu, ndiyo ramli yenyewe. Akiwaambia waende zao, Faiza atasema na hilo ni jibu. Alitembea mpaka kona ya duka, akarudi, akavua ndara, akavaa tena.

"Msimulizi kazimia huko?" Simai aliita kutoka ndani.

Anuar aliingia, akalichukua daftari, akalifunua katikati ya meza. Hakuna msimulizi anayefanya hivyo. Ni sawa na mpishi kuwaonesha wageni alichokitia chunguni.

"Someni."

Simai akasoma kwa sauti, kidole juu ya mstari. "Siku ya pili atafungua lango kwa ndani." Akainua kichwa. "Nilijua mie. Lakini mbona unatuonesha? Umeshauharibu mchezo, bwana."

Faiza alishavuta mkoba wake. "Basi. Nimepata."

"Hujapata kitu. Niulize kwa nini nimeandika hivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Ghurabu akiwa mwema hakuna mchezo. Atakula, atalala, atachota maji. Simai ataanza kuangalia simu. Nilitaka mji uungue mruke kwenye viti. Ndo sababu, hakuna nyengine. Sikumuuliza Ghurabu, Ghurabu hana roho. Nimemwandika niko juu ya ngazi, nna hasira na meneja wa hoteli Uroa aliyenirejeshea dari mara tatu."

Simai alikuwa hajaambiwa chochote, lakini siyo mjinga, na Mkubwa mtaa mzima unamjua. "Ah," alisema, akalaza mikono mezani.

Anuar akaisukuma karatasi yenye maelezo ya Ghurabu mpaka mbele ya Faiza. "Mchukue wewe, umcheze. Simai atakaa langoni."

Simai alikohoa. "We nani?"

"Ghurabu."

"Umefuata nini?"

"Sina pa kwenda."

"Hata paka hana pa kwenda. Utatuuza tena?"

Faiza aliiangalia karatasi. "Sijui."

"Nikikufungulia nitajuaje?"

"Hutojua."

"Basi nikufungulie ya nini?"

Faiza aliisukuma karatasi kando. "Hilo siwezi kumjibia," alisema, na sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe. "Sijamuuliza. Miezi sita sijakanyaga kule, nnampelekea sabuni kwa mkono wa watu." Akasimama, akajitanda mtandio vizuri. "Jumapili wanaruhusu wageni mpaka Magharibi. Nnakwenda kumuuliza mwenyewe."

"Na huyu wa langoni?" Simai aliuliza.

"Mwache asubiri."

Alhamisi Anuar alikuwa Uroa, anaifunga dari ileile mara ya nne. Simu aliitoa mfukoni kila baada ya muda, na kila akiitoa haikukitambua kidole chake kwa vumbi. Saa nne ujumbe wa Faiza uliingia: "Nimemleta. Kakaa mkabala na mama. Kila mmoja anamuogopa mwenzake."

Basi. Aliusoma mara tatu, akitafuta mahali alipoambiwa kafanya vyema au kafanya vibaya. Hapakuwepo. Aliandika, "Mama vipi?" akatuma. Ikatokea tiki moja, ujumbe haujamfikia. Akaiangalia. Tiki moja vilevile.

"Fundi, leo tunamaliza?" meneja aliuliza kutoka chini.

"Tunamaliza."

Aliiweka simu kwenye ngazi, mahali ambapo ataiona, akashika skrubu mkononi na kunyanyua ubao kwa bega. Kabla hajaufikisha juu alishageuza shingo kutazama.