Mlio Ambao Fundi Hakuusikia

Miezi ya mwanzo ya 2008 sikuwa na subira na mtu yeyote, na kompyuta yangu ilikuwa inalia. Haikuwa feni. Ulikuwa mlio mwembamba, mkali, uliotoka kwenye monita, moja ya zile za zamani zenye mgongo mrefu, na ulikuwa ukiniingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa nikichapa projekti za wanafunzi wa chuo nyumbani kwetu Lanet, sebuleni, katika ploti ya nyumba za kupanga yenye milango minane. Kila nikikaa dakika kumi nilisimama nikazunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mume wangu, dereva wa lori la viazi kutoka Molo, hakusikia kitu. Injini ilikuwa imeshamla masikio. Mama mkwe, aliyekuwa akikaa nasi, hakusikia pia. "Hayo ni mawazo," aliniambia bila kuinua macho kutoka kwenye uzi wake. "Hii nchi imetutia sisi wote mawazo." Labda. Siku zile za fujo za baada ya uchaguzi tulilala viatu vikiwa karibu na mlango, na lori likichelewa kidogo nilitoka kusimama barabarani. Lakini mawazo hayazimiki kwa swichi, na mlio ule ulizimika.

Kilichokuwa kinanila kweli hakikuwa mlio. Binti yetu alikuwa anakaribia miaka mitatu na alikuwa hajasema neno, hata mama. Muuguzi wa kliniki alikuwa ameniambia nimpeleke akapimwe masikio, nami nikamkasirikia kana kwamba amenitukana. Mtoto wangu alicheka. Alicheza. Ukimwonyesha mlango, anaufunga. Asisikie vipi? Mama mkwe ndiye aliyenipa jibu nililolitaka: babake naye alichelewa, akaanza kuongea akiwa na miaka minne, na tangu hapo hajanyamaza. Nikalishika jibu hilo kwa mikono miwili. Wiki zikapita, nami nikajishughulisha na monita.

Nilibadilisha soketi. Nikahamisha redio. Nikakaza nyaya za nyuma mpaka vidole vikauma. Nikaigonga ubavuni, kwanza kwa adabu, halafu bila adabu. Kijana mmoja wa saiba, duka la intaneti, alinielekeza kwa simu nibadilishe ukubwa wa picha. Herufi zikawa kubwa kama za bango la barabarani na mlio ukazidi. Siku moja nilimfokea mama mkwe kwa kuuliza tu kama nimekula. Kesho yake nikaenda mjini kumtafuta fundi wa redio.

Alikuja mzee mwenye koti la kijivu na bisibisi tatu kwenye mfuko wa shati. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kushika kitambaa kwa vidole viwili na kukiinua. Mama mkwe alikuwa amefuma vitambaa vyeupe vya maua vya makochi, vya redio, hata cha ndoo ya maji ya kunywa. Cha monita kilifunika mgongo wote, pale pale hewa moto inapotokea.

"Nani alivalisha hii kitu sweta?" akauliza.

Mama mkwe akaanza kutafuta sindano ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Fundi akaeleza kwamba joto lilikuwa limekausha gundi ndani, koili moja ya waya imelegea, na sasa inatetemeka. Alifungua mgongo, akawasha, akainamisha kichwa. Kisha akasema bila aibu yoyote, "Mimi siisikii, mama. Masikio yangu ilizeeka. Hii ni sauti ya watoto. Niitie watoto."

Kumbe ndivyo alivyofanya kazi zake. Shule zilikuwa hazijatulia, kwa hiyo watoto wa ploti nzima walikuwepo, nao wakaja mbio. Akawapanga sita mlangoni, mbali na umeme, na binti yangu akajipenyeza akawa wa saba. Ikilia, akawaambia, mzibe masikio. Ikinyamaza, mtoe mikono. Akaniomba mwiko mkavu.

Alipowasha tena, mikono iliruka juu. "Woi! Inauma!" "Mzee, zima hiyo kitu!" Fundi hakuwasikiliza, aliwatazama. Alibonyeza hapa kwa ncha ya mwiko, mikono haikushuka. Akabonyeza pale, bado. Akabonyeza koili ya pembeni, na mikono yote ikashuka. Alicheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Krismasi.

Halafu nikamwona binti yangu. Fundi alipoinua mwiko na mlio ukarudi, naye aliziba masikio kama wenzake. Furaha ilinipanda mpaka nikamshika mama mkwe bega. "Umeona? Amesikia! Mtoto anasikia!" Mama mkwe akasema asante Mungu, akasema mara mbili.

Ili kuhakikisha, fundi alibonyeza na kuachia, akabonyeza na kuachia. Mara ya tatu ndipo nilipoona. Wale sita waliziba masikio kwa pamoja. Binti yangu aligeuka kwanza, akamtazama mtoto wa jirani, ndipo akainua mikono yake. Ilipotakiwa kushuka, alimtazama tena. Nilihesabu mara nyingine nne nikiomba niwe nimekosea. Kila mara alikuwa wa mwisho. Niliogopa, na sikumwambia mtu.

Fundi alizima umeme, akangoja, akatia gundi kwenye koili. Tukanywa chai huku gundi ikikauka. Mama mkwe alimsimulia jinsi mjukuu wake alivyosikia monita, nami nikawa namimina chai kwenye kikombe kilichojaa.

Kisha watoto wakaitwa kwa jaribio la mwisho. Safari hii waliziba masikio mapema, kabla ya kuwasha, na binti yangu akawaiga. Fundi akabonyeza swichi. Kioo kikaanza kupata mwanga polepole, na binti yangu akakikodolea macho, kwa sababu alipenda sana kuona picha ikitokea. Nyuma yake, asikoona, wenzake walishusha mikono. "Imenyamaza!" wakapiga kelele, wakatoka mbio kwenda uani.

Yeye alibaki mlangoni peke yake, viganja vimebana masikio.

Mama mkwe alimwita jina. Akamwita tena, kwa sauti ya kuita mtu aliye shambani. Fundi aliacha kufunga skrubu akanitazama, kisha akainamia kazi yake. Nyumba ilikuwa kimya jinsi nilivyotamani iwe kwa wiki nyingi.

Nilienda nikapiga magoti mbele yake. Aliponiona alitabasamu, mikono ikiwa bado masikioni, akisubiri nimwonyeshe kama imekwisha.