Nilivyojifunza Kusoma Barua za Mume Wangu

Mwaka wa pili wa ndoa yangu nilianza kumshuku baba mkwe. Ilikuwa miaka ya hamsini, na mume wangu alikuwa Mombasa, karani katika ghala moja la bandarini. Barua yake ilipofika kwetu Amu, yaani Lamu, baba mkwe alituita ndani, akavaa miwani, akatusomea. Mavyaa, mama wa mume wangu, alikaa kitandani. Wifi yangu alikaa miguuni pake. Mimi nilisimama mlangoni, leso kichwani, nikingoja salamu zangu zifike.

Zilifika kila mara mwisho wa barua. "Na mke wangu mpe salamu nyingi. Mwambie avumilie. Mkate wa mofa wa huku hauna ladha ya mkono wake." Mavyaa aliguna, wifi alicheka, mimi nikaona haya na furaha.

Kilichonitia shaka ni macho ya mzee. Siku moja nilimtazama vizuri, nikaona macho yake yalikuwa yamekwisha kufika chini ya karatasi, yametulia pale, na bado maneno yalikuwa yakitoka kinywani. Kisha akakunja barua upesi. Nikajiuliza: mtu anayesoma, macho yake hukaa wapi? Nikaamua kuwa ananificha kitu. Huenda mume wangu ameoa huko. Huenda ameandika niende, na wao hawataki nitoke nyumbani mwao. Nilipokuwa peke yangu jikoni nilijibu maswali hayo kwa namna kumi, na kila jibu lilikuwa baya kuliko lililotangulia.

Mimi kusoma nilijua, lakini harufu, yaani herufi, za Kiarabu. Nilikuwa nimehitimu chuoni, Kur'ani nimeikhitimisha. Mume wangu alisomea skuli ya serikali, akazoea harufu za Kizungu, na baba mkwe alizijua kwa sababu alifanya kazi forodhani zamani. Hata hilo nililitilia shaka. Mtu anajua mkewe anasoma harufu zipi, kwa nini aandike zile asizozisoma?

Katika nyumba iliyounganishwa na yetu kwa wikio, lile daraja la kupita juu ya ndia ya mtaa, alikuwa ameolewa mwanamke wa Unguja aliyepata kusoma skuli ya wasichana huko kwao. Nilimwendea, nikamwambia nataka kujifunza. Hakuuliza kwa nini. Aliniandikia alfabeti yote kwenye karatasi moja, akanifundisha siku nne. Siku ya tano akashikwa na homa ya mimba, akaniambia, "Shoga, harufu unazo sasa. Zilizobaki ni kazi yako."

Kazi yangu! Nilikuwa mtu wa kuanza mambo na kuyaacha. Mkeka niliouanza kusuka kabla ya harusi ulikuwa bado nusu, na mavyaa hakuacha kunitajia. Kwa hiyo nilijiwekea sharti. Baada ya sala ya alfajiri sirudi kulala. Nitapanda darini na ubao wangu wa chuoni, niandike maneno kumi kwa wino wa masizi, niyasome mpaka yaingie, nioshe ubao, ndipo nishuke kuwasha moto. Na chai siinywi mpaka maneno kumi yametimia.

Wiki ya kwanza niliweza. Ya pili usingizi ulinishinda siku tatu, na chai nilikunywa kama kawaida, nikijidanganya kuwa sharti litaanza tena Jumamosi. Nilijionea aibu. Nikalikaza sharti: siku nikilala, kesho yake maneno ishirini, na chai siinywi mchana kutwa. Mara mbili nilikaa bila chai huku wifi akinimiminia kikombe mbele ya macho, nami nikisema tumbo lauma. Mara ya tatu haikuwapo. Nafsi ni kama punda wa mizigo. Akishajua humbembelezi, huenda.

Lakini nyumba ile haikuwa na siri. Wifi aliona wino kwenye vidole vyangu. Siku mbili baadaye nikasikia ngazi ikilia, polepole, mtu anapanda bila viatu. Nikaosha ubao kabla hajafika. Mavyaa akatokeza kichwa.

"Wafanya nini huku?"

"Napunga hewa, mama."

Alitazama ubao uliolowa, akatazama vidole vyangu, akashuka. Tangu asubuhi ile alipanda kila siku, saa tofauti. Nami nikaacha kumwamini hata yule shoga wa Unguja. Nilipomsikia akicheka na wanawake wengine upande wa pili wa wikio, nilikuwa na hakika ananicheka mimi.

Siku moja mavyaa alinikuta wino haujakauka. Alinyakua ubao. "Wamwandikia nani?"

"Simwandikii mtu, mama. Najifunza."

"Mke wa mtu, mumewe hayupo, ajifunza kuandika. Kwa sababu gani?"

Nimwambie namshuku mumewe? Akaubeba ubao mpaka kwa baba mkwe, nami nyuma yake. Mzee alivaa miwani. Alisoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti: "Sukari. Sindano. Samaki. Sufuria." Akanitazama. "Ni majina ya vitu," alimwambia mkewe. "Mrudishie ubao wake."

Nilidhani nimeokoka. Lakini barua iliyofuata, baada ya kuisoma, hakuirudisha kwenye kidaka ukutani alikokuwa akiziweka zote siku zote. Aliitia mfukoni mwa koti lake. Nilipoangalia kidaka, zile za zamani pia hazikuwamo. Basi nikajua. Mtu asiye na la kuficha hafichi.

Nikaongeza maneno yakawa kumi na tano. Miezi minne mizima sikukosa asubuhi moja, hata Ramadhani. Mwezi ule sharti lilikuwa mazungumzo ya baada ya alasiri badala ya chai: maneno yasipotimia, sizungumzi. Nikaanza kusoma maandishi ya kwenye makopo ya mafuta, kisha kipande cha gazeti kilichofungia dengu.

Ijumaa moja mzee alikwenda msikitini na kanzu mpya, akaliacha koti msumarini. Mavyaa na wifi walikuwa wamekwenda kumtazama yule shoga, ambaye alikuwa amejifungua. Nilitia mkono mfukoni. Barua saba.

Nilisoma huku midomo ikinichezacheza, neno kwa neno. Mume wangu alimsalimu baba. Alimsalimu mama. Alimsalimu dada yake. Aliuliza kama boriti ya chumba cha nyuma imebadilishwa, na kama punda amepona kwato. Alitia sahihi. Mimi sikuwamo. Nikasoma ya pili, na ya tatu. Nilisoma zote saba, na katika zote saba hapakuwa na mke, wala salamu, wala mkate wa mofa.

Nilikuwa nimejiandaa kukuta maneno yaliyofichwa. Sikuwa nimejiandaa kukuta maneno yaliyoongezwa.

Mzee alinikuta nimekaa sakafuni, barua mapajani. Hakukasirika. Alikaa kitandani kwa uzito.

"Umesoma?"

"Nimesoma, baba. Kwa nini?"

"Mwanangu hawezi kuandika habari za mkewe katika barua ipitayo mikononi mwangu. Angeona haya, na mimi ningeona haya. Lakini wewe wasimama pale mlangoni kila mara ukinitazama, mato yako..." Akavua kofia yake. "Nilisema ambayo ningesema mimi kama ningekuwa yeye."

"Na kama hakuyafikiri hata moyoni?"

Akazichukua barua, akazirudisha kwenye kidaka. Nilimshukuru, lakini sikutulia. Kuona haya ni sababu nzuri. Mtu aliyesahau mke pia huandika barua kama zile.

Nikaamua kumuuliza mwenyewe. Barua yangu ya kwanza ilinichukua asubuhi tisa. Mistari kumi na miwili: salamu, habari ya nyumbani, na swali moja, kama ananikumbuka. Baba mkwe aliipeleka posta mwenyewe, haikufunguliwa. Nilihakikisha gundi imekauka kabla sijampa.

Jibu lilikuja na jina langu juu ya bahasha. Nilipanda nalo darini. Mume wangu aliandika: "Nimepata barua. Nataka kujua ni mwanamume gani aliyekuandikia."

Nilikasirika mpaka nikalia, kisha nikacheka peke yangu kama mwehu. Miezi yote ile nilimshuku yeye, na sasa zamu yake. Nikamwandikia tena, nikamtajia neno aliloniambia siku ya saba ya harusi yetu, ambalo hakuna kiumbe mwingine aliyelisikia. Hakujibu.

Alikuja likizo kabla ya Maulidi. Aliwasalimu wazazi wake, akala, akanifuata chumbani, akaweka karatasi na kalamu juu ya mkeka.

"Andika," alisema.

"Niandike nini?"

"Lolote."

Niliandika polepole, yeye kainama begani mwangu nikisikia pumzi zake: *Umekuja kunipima na hujaniuliza hali.*

Alisoma mara mbili. Akaketi. "U hali gani?" aliuliza, sauti ndogo.

"Sasa ni mzima. Na wewe, Mombasa una mke?"

"Sina." Akafikiri kidogo. "Nilitaka kukuandikia. Kila nikishika kalamu, namwona baba na miwani yake."

Nilimwamini kwa sehemu kubwa. Tangu hapo aliniandikia mimi barua yangu mbali na ya wazazi, fupi na kavu, kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno. Baba mkwe aliendelea kuwasomea mavyaa na wifi barua yao, na mimi sikusimama tena mlangoni. Alfajiri sikuiacha. Baada ya barua nilianza hesabu, na mwaka uliofuata yule shoga wa Unguja akaniletea kitabu kizima, cha kwanza maishani mwangu. Nilikimaliza ukurasa baada ya ukurasa, na mkeka ule wa harusi nikaumaliza pia.