Sifa Zilizopandisha Mahari

Riwaya yangu ya kwanza ilisifiwa sana na marafiki zangu waandishi, ambao wote walikuwa wamepewa nakala bure. Jumamosi tulikutana katika mkahawa mmoja mjini Nakuru, tukasomeana kwa sauti, tukafumba macho pale palipostahili kufumbwa, kisha tukachangishana kulipia chai. Katika kundi lile, mimi ndiye niliyekuwa na sauti. Hapo sijisifu. Lilisemwa na jirani yangu wa mtaa wa Free Area, mama anayekodisha mahema na viti vya sherehe, aliyekuwa akinisikia kupitia ukutani nikijisomea sura zangu.

"Kijana," aliniambia asubuhi moja tukianika nguo, "hiyo sauti unaharibia ukuta. Watu wanalipa pesa kuongelewa."

"Kuongelewa wapi, mathe?"

"Kwa mahari. Unavaa koti, unasimama, unaongea. Hiyo hata wewe huwezi kosea."

Alinieleza biashara yenyewe. Huku kwetu watu wa kila pembe ya nchi hukutana kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, wakapendana katikati ya waridi za kupelekwa Ulaya, na mwishowe wazee wao huketishwa chini ya hema moja bila lugha moja. Hapo Kiswahili huwekwa katikati, na lazima awepo mtu wa kukibeba. Zamani alikuwa mjomba. Siku hizi wajomba ni wengi ila Kiswahili chao kinachechemea, kwa hiyo familia hukodi msemaji. Mwenye mahema, ambaye huziona sherehe zote, ndiye anayejua nani ana ulimi na nani ana koti tu.

Nikaamua kuishi kwa mdomo, kwa kuwa kalamu ilikuwa imekataa kunilisha. Mteja wangu wa kwanza alikuwa msimamizi wa shamba la maua, kijana mpole anayeishi Karagita, huko Naivasha, katika chumba kimoja. Watu wake walitoka magharibi. Mchumba wake, aliyefanya naye kazi, alikuwa binti wa kutoka Bahati, karibu na Nakuru.

"Bro, mambo karibu yote tumemaliza kwa simu," aliniambia. "Mbuzi tumeelewana. Wewe unaenda tu kufunga. Ukifunga, harusi ni Desemba. Wakiongeza hata kidogo, mimi sina. Itabidi tungoje, na mzee wake hapendi msichana akae akingojwa."

Niseme hapa kwamba mbuzi wa siku hizi hawatembei. Hugeuzwa pesa, hutumwa kwa simu, na hufika wakiwa safi kabisa.

Nilijiandaa wiki nzima. Niliandika, nikafuta, nikatembea chumbani nikizungumza na pazia. Hakuna aliyeniambia jambo ambalo hata dereva wa lori anayenunua viazi kando ya barabara pale Mai Mahiu analijua: unakunja uso kwanza, ndipo unauliza bei.

Siku ilipofika tuliketi chini ya hema la buluu nyumbani kwa binti, pande mbili zikitazamana, soda mkononi. Msemaji wao alikuwa baba mdogo wa binti, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu na subira ya paka. Nilisimama, nikafunga kifungo cha koti, nikaanza. Nilisema tumetoka bondeni tukifuata nuru. Nilisema binti huyu si binti tu, ni alfajiri. Kwamba nyumba atakayoingia haitahitaji dirisha.

Mzee alifumbua macho. "Kijana, hebu rudia hapo."

Katika maisha yangu yote ya uandishi sikuwahi kuombwa nirudie sentensi. Nikarudia, polepole, nikiifurahia.

Mzee akamgeukia mwenzake. "Umesikia? Kumbe ni alfajiri."

"Nimesikia."

"Alfajiri inaenda mbuzi ngapi?"

"Hata sijui. Wakati tulikuwa tunapiga bei kwa simu, sisi tulidhani ni msichana tu."

Hema zima likacheka, na mimi nikadhani nimeanza vizuri. Nikaendelea. Nikasema mikono yake imeshika miiba siku zote bila kujifunza ukali, na mzee akasema, "Hiyo nayo ni mbuzi wawili." Nikasifu subira yake, akaongeza mmoja. Nikasifu mwendo wake, ambao kusema kweli sikuwa nimeuona, na mwenzake akasema hapo wamefika kwenye ng'ombe.

Nilihisi koti langu likivutwa kwa nyuma. Alikuwa shangazi wa bwana harusi, mwanamke mfupi aliyejaa kwenye kiti chake kama mfalme.

"Kaa chini, mwalimu," alinong'ona. "Kwani unamuoa wewe ama ni kijana yetu?"

"Anti, bado sijafika kwa macho."

"Usifike kwa macho!"

Ndipo nilipomtazama mteja wangu. Alikuwa ameishika soda yake kwa mikono miwili bila kuinywa. Midomo yake ilikuwa ikienda taratibu bila sauti, akijumlisha mifugo niliyomwongezea, na nikaona Desemba ikimtoka usoni. Upande wa pili, kati ya dada zake, binti alikuwa akimtazama vilevile. Nikaketi. Maneno mengine mazuri yalikuwa bado yananijaa kinywani, nikayameza yote, makavu.

Shangazi akasimama.

"Wazee, tusameheane. Huyu tulimkodi. Hayo maneno ni yake, si yetu. Sisi msichana tunamjua. Ni mzuri, hatukatai. Lakini siku alitutembelea akasonga ugali, ikakuwa uji."

"Moto yenu ndio ilikuwa mbaya!" mama wa binti alijibu kwa sauti kutoka jikoni.

"Moto ni ile ile tunapikia kila siku, mama. Na bado tunamtaka hivyo hivyo, na uji yake."

Hapo watu walicheka kicheko kingine kabisa, kile cha watu walioanza kuwa ndugu, na binti mwenyewe alijifunika uso kwa leso. Mzee wa kofia alicheka mpaka akaivua. Wakateremka mbuzi kwa mbuzi, mpaka wakafika pale palipoafikiwa kwa simu.

"Lakini mmoja abaki," mzee akasema. "Ule wa alfajiri. Huo siwezi kuachilia."

Bwana harusi akaanza kujumlisha tena. Shangazi hakusita.

"Atatoka kwa malipo ya msemaji. Si ndiye alimleta?"

Wote wakapiga makofi, na kwa adabu mimi pia nikapiga. Desemba ikarudi mahali pake.

Wakati wa chakula nilijificha nyuma ya hema na sahani yangu ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, nikitunga jinsi nitakavyomweleza jirani yangu kwamba biashara imeisha siku ileile ilipoanza. Mzee wa kofia akanifuata hukohuko.

"Kijana, mimi niko na wasichana wawili nyumbani. Wakubwa. Wameanza kuulizwa-ulizwa. Wewe huwa bei gani?"

"Niongee upande wenu, mzee?"

"Sasa utaongea upande gani tena? Wa wanaume si umekushinda?"

Nilitaja bei. Aliikunjia uso vizuri sana, akasema hiyo ni ya mtu wa Nairobi, akasema kuongea si kulima. Nikajaza kijiko. Akapandisha kidogo, nikatafuna mukimo. Mwishowe akainama karibu.

"Sawa. Lakini kwanza nionjeshe. Huyu mkubwa ni mrefu, mkali kidogo, anafuga kuku. Utamsemaje?"

Sentensi ilinijia palepale, nzima, yenye mabawa. Nilifungua mdomo.

"Hiyo ni ya kulipia, mzee," nikasema.

Akatoa simu mfukoni na kuniuliza namba ya kunitumia pesa.