Sweta la Mama Mkwe Mikononi mwa Fundi Vidole

Fundi Vidole alilipata jina hilo kwa haki. Mpelekee kipande cha kitambaa, atafumba macho, atakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha atakwambia kama ni pamba, nailoni au uongo wa muuza duka. Hakosei mara nyingi, na akikosea huwa ni kosa la kitambaa.

Ana tabia moja inayojulikana mtaa mzima. Nguo yoyote ikimfikia mkononi, iwe ya mteja au ya nyumbani, kwanza anaikata lebo ya shingoni. Anasema zinawasha. Anasema pia kwamba mtu anayehitaji kusomewa nguo yake hana haki ya kuivaa. Kwa hiyo nyumbani kwake hakuna vazi lenye lebo, na wageni kadhaa waliowahi kulala humo waliondoka na mashati mabubu.

Binti yake mkubwa alipowaletea mashine ya kukaushia nguo, alimfikiria bibi yake. Mvua zilikuwa zimeng'ang'ania, nguo zilining'inia ukumbini zikinuka uvundo, na bibi, yaani mama mkwe wa fundi, alilalamikia baridi kwa upole, na upole wa namna ile huumiza kuliko kelele. Alikuwa mwembamba kama uzi, na alikuwa na sweta moja tu alilolijali: la sufu, la kijivu, la marehemu mumewe. Alilifua mwenyewe kwa maji baridi, akalitandaza juu ya taulo, kisha akakaa kitandani akilisubiri kama mtu aliye nje ya wodi. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, sembuse mkwe.

"Baba, soma kwanza kile kitabu chake," binti alisema akiondoka.

"Nguo nilizijua kabla wewe hujaijua nepi."

"Nguo, sawa. Na mashine je?"

"Itanizoea."

Asubuhi iliyofuata mkewe alimpeleka mama yake kwa daktari wa macho. Sweta lilikuwa limelala kwenye taulo tangu juzi, bichi vilevile. Bibi alijitanda shali la kuazima, akasimama mlangoni akiitazama mvua.

"Likikauka leo, nitashukuru," alisema. Alikuwa akiiambia mvua. Lakini mkwe wake alisikia.

Fundi hakufanya lile jambo kwa ujinga. Alilifikiria, na hapo ndipo palipoharibika. Sufu aliijua. Suti ngapi za sufu amezipiga pasi ya moto na kitambaa kilicholowa, zikainuka zikiwa nadhifu kuliko bwana harusi? Sufu na moto ni marafiki wa zamani. Kwamba sufu yake siku zote ililala kimya chini ya pasi, na hii ingebiringishwa kwenye moto kama mtu anayeanguka ngazi, hilo halikumjia. Alilitia sweta mashineni pamoja na mataulo, akazungusha kitufe hadi mwisho, akavuta kiti, akanywa chai akilitazama likipita kiooni. Kila likipita alilipungia mkono.

Sweta lilitoka na joto tamu sana. Lilikuwa gumu kama kifutio cha ubao, na lingemtosha mtoto anayejifunza kutembea. Fundi alifumba macho, akalishika kwa vidole. Vidole vilimwambia yote.

Basi akalilowesha, akalivuta, akalibana kwa pini kwenye meza ya kupigia pasi, mikono ya sweta akaiwekea pasi mbili za chuma. Mikono ilirefuka kama masikio ya sungura. Kifua kilikataa. Aliposikia mlango, alilifunika kwa suruali ya mteja.

"Mbona umejifungia?" mkewe aliuliza.

"Kuna upepo."

Mama mkwe aliingia akipapasa ukuta, maana dawa ya macho ilikuwa imemtia ukungu. "Baba, sweta langu umeliona?"

"Bado lina maji, mama."

Haukuwa uongo, lilikuwa limelowa chapachapa. Fundi aliushikilia ukweli huo mdogo kwa mikono miwili. Mkewe akainua suruali.

"Hili la nani?" aliuliza, ingawa sauti yake ilishajua. Fundi akatazama pasi zake. "Si lilikuwa na lebo, baba watoto? Ilisemaje?"

"Niliikata."

"Ndiyo, siku ile mama alipohamia. Nilikuwepo."

Bibi alisogea. Hakuona vizuri, kwa hiyo alinyoosha mkono, akalipapasa lile gome taratibu hadi alipofika kwenye kiwiko, mahali alipowahi kupashona kwa uzi usiofanana. Kidole chake kikasimama hapo.

"Ni lake," alisema. Halafu: "Lilipata joto?"

"Lilipata, mama. Nilitaka ulikute..."

"Haya, baba. Asante kwa kunihangaikia."

Bibi angemtukana, fundi angekula usiku ule. Angemwita mpumbavu, angelala.

Sasa bibi hukaa kwenye kiti chake ndani ya chumba cha mbele, kati ya cherehani na wateja, sweta kalizungusha shingoni, mikono yake mirefu kaifunga fundo kidevuni. Juzi mteja mmoja, mwanamke mcheshi aliyekuja kupunguziwa gauni, alilitazama akashindwa kujizuia.

"Bibi jamani, hilo sweta limekuwaje? Si lilikuwa linakufika magotini?"

Cherehani ilinyamaza.

"Nimenenepa, mwanangu," bibi alisema, akalivuta shali juu ya mabega yake yaliyochongoka kama hanga ya nguo. "Kwa mkwe wangu nakula sana."

Wateja wakacheka hadi wakapigana vikofi. Fundi Vidole akainama chini ya meza kutafuta sindano, akakaa huko muda mrefu. Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye kola yake mwenyewe, na kila mtu alikuwa akiiona.