Ua la Ukuta wa Kinyozi

Mtaa mzima ulimwita Mama Brashi, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko tapentaini ya kuyeyushia rangi. Kazi yake ilikuwa kuchora matangazo kwenye kuta za maduka: mkasi kwa kinyozi, kiatu kwa fundi viatu, jino la kutisha kwa daktari wa meno. Hizo zilikuwa picha za kujaza chungu. Picha za moyo wake alizichora uani kwake, na zote zilikuwa za maua.

Alikuwa na sharti lake. Hachori ua asilolipanda, wala hachori kwa kukumbuka. Mvua zikianza, alizeti. Baridi ikishika, yale madogo meupe ya kando ya karo. "Kumbukumbu ni mwongo wa rangi," alisema, na ukimbishia utajuta kuzaliwa.

Ua moja tu lilimshinda: la zambarau lenye kitovu cha njano, alilokuwa akipanda marehemu mama yake. Mama alimwachia mbegu zimefungwa kwenye pindo la leso. Msimu baada ya msimu zilikataa kuota. Safari hii alizipanda zote zilizobaki, ukatoka mche mmoja, mwembamba, wenye tumba moja. Alipanga alichore likichanua, kisha aliache likaukie kwenye shina litoe mbegu. Vinginevyo ua la mama ndiyo basi tena.

Mumewe, fundi saa, mtu mpole, hakuwahi kuelewa.

"Mke wangu, ua haliliwi."

"Na saa zako je, tunazikaanga?"

Ndivyo walivyopendana miaka yote.

Basi siku moja, Mama Brashi yuko juu ya ngazi kwa kinyozi, huku nyumbani tumba likachanua. Fundi saa aliliona alipokwenda kuanika shati. Akawaza: mke atarudi jioni, mwanga umekwisha, atalalamika kwamba rangi zimemtoroka. Leo na mimi nimfae! Akachukua kisu, akalikata, akalifunga kwa kitambaa kibichi, akapanda baiskeli mbio.

"Mama watoto! Shuka uone!"

Akashuka. Akaliona ua mkononi mwa mumewe, bua limekatwa safi, kazi ya fundi. Kinyozi, aliyeujua ule mdomo, alizima mashine kichwani mwa mteja akingojea radi. Na fundi saa wa watu anatabasamu, jasho linamtiririka, maana tangu waoane hajawahi kumletea mkewe ua.

"Ahsante, baba watoto," alisema kwa sauti ndogo.

Akamwambia alishike hivyohivyo, asitikisike. Akachanganya zambarau, akalichora palepale ukutani, juu ya mkasi, machozi yakimdondoka. Mumewe akadhani ni ukali wa tapentaini.

Siku kadhaa baadaye, jirani ndiye aliyekuja kumfumbua macho fundi saa kuhusu zile mbegu. Alimfuata mkewe uani, akasimama kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mbona hukunigombeza? Wewe, unayegombeza hata mvua?"

Mama Brashi alikuwa akipalilia tuta lisilo na kitu. Hakuinua kichwa.

"Ningekugombeza siku ile, ungeniletea ua tena lini?"