Kikwembe cha Pili cha Mama

Nguo zile nilizipeleka mimi, tena mama hakutaka. Jumba moja la makumbusho mjini, musée tunavyoliita, lilitangaza redioni kwamba linakusanya nguo za zamani za wanawake wa Lubumbashi. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko hapa Katuba, na nikisikia mtu anausifu mshono wa zamani siwezi kutulia. Nikafungua sanduku la mama. Nikatoa nguo zake za harusi: blauzi yenye mabega ya kuvimba, kikwembe cha buluu chenye ndege wa manjano, kikwembe cha pili cha kitambaa hichohicho, na kilemba.

"Bataniweka wapi?" aliuliza, utadhani anapelekwa yeye.

"Mu kioo, mama. Kila mutu atakuona."

Akafikiri kidogo. "Kama ni kuniona, banione yote."

Kwetu msichana hufunga kikwembe kimoja. Ukiolewa unazungusha cha pili juu yake, kiunoni, na ukipita barabarani hakuna wa kukuuliza kama una mume. Mama alifunga viwili tangu harusi yake. Siku tuliyomzika baba, shangazi yangu, dada yake baba, alisimama mbele ya watu wote waliokuja kwenye kilio, akamnyooshea mama kidole.

"Wee haukukuwa bibi ya ndugu yangu! Ulitoka Pweto na samaki yako mukavu, hakuna mutu alikuleta kwetu. Toa ile ya juu!"

Akashika upindo wa kile cha pili cha ndege wa manjano, akavuta. Nilikuwa na miaka tisa na nilisikia kitambaa kikipasuka. Mama aling'ang'ania fundo kwa mikono miwili. Upindo ukachanika urefu wa mkono wangu, lakini fundo halikufunguka. Tangu siku hiyo mama amefunga viwili sokoni, kanisani, hata akifua uani jua likiwa kali. Na shangazi anakaa barabara yetu hiyohiyo, nyumba ya nne, ukienda mjini unapita mbele yake.

Sasa sikieni ujinga wangu. Yule bibi kijana aliyepokea nguo alinionyesha ule mpasuko, akauliza ulitokana na nini. Nikaona haya. Mambo ya ukoo unayamwagaje mezani kwa mtu usiyemjua? Nikasema: panya.

Siku ya kufungua maonyesho nilimpeleka mama. Alivaa vizuri, vikwembe viwili vya kijani, akatembea polepole kati ya vioo, akiangalia mikoba ya shanga, viatu vya visigino virefu, hereni za shaba. Tukafika kwake. Walikuwa hawajamfunika kwa kioo bado, ni kamba tu mbele yake. Sanamu lilisimama na blauzi, kilemba na kikwembe kimoja.

Mama hajui kusoma. Akanigusa. "Bameandika nini pale?"

Laiti ningedanganya hapo, badala ya siku ile. Nilisoma kabla ya kufikiri: "Vazi la msichana."

Nilimwona akishika fundo lake kiunoni kwa mikono miwili, kama siku ile, na damu ikanichemka. Nikamwita yule bibi kijana kwa sauti iliyogeuza vichwa vya wageni wote. Cha pili kiko wapi?

"Kiko mu droo, mama. Si wewe mwenyewe ulisema kililiwa na panya? Tukaona kimeharibika, tukaacha kimoja. Na mwenye kimoja si msichana?"

Ndiyo. Hata mimi ningeandika hivyo. Mama alinigeukia. "Panya?"

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini nilikuwa nimeshachoka na haya yangu, miaka yote ile. Nikasema mbele ya wageni, na sauti sikuishusha: "Hakuna panya. Alikivuta shangazi yangu siku ya kumzika baba, akitaka kumvua mama ndoa yake. Mama alikataa. Mpasuko ule ndio wa kuonyesha kuliko vitu vyote humu ndani. Kileteni!"

Yule binti alikaribia kulia. Ufunguo wa droo anao mkubwa wake, na mkubwa wake amesafiri mpaka Jumatatu.

Nikaanza kufungua kikwembe changu cha juu nimvalishe sanamu. Mama akanipiga kofi mkononi. "Acha. Ile ni mimi." Akafungua fundo lake, mbele ya watu, bila haraka. Akavuka kamba, akazungusha kile cha kijani kiunoni mwa sanamu, juu ya ndege wa manjano, akakaza, akakaza tena. Rangi hazikupatana hata kidogo. Akamwambia yule binti, "Mupaka mulete ile yenye kupasuka, hii haitoke hapa. Na ile karatasi, andika bibi ya mutu." Binti akaing'oa karatasi palepale.

Tulirudi Katuba jioni, jua bado liko juu ya paa, mama na kikwembe kimoja. Nilimwomba tuzunguke njia ya nyuma. "Nimeiba?" aliniuliza. Akafuata barabara yetu.

Shangazi alikuwa mlangoni pake akimenya mihogo. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kiunoni. Akacheka, kisu mkononi.

"Eeh, bibi ya Pweto! Leo njo umeitoa mwenyewe?"

Miaka yote mama alipita pale bila kumjibu. Safari hii alisimama.

"Iko musée," akasema. "Nimeifunga mimi mwenyewe, bantu bote banaiona. Enda uivute kule."

Shangazi alifungua mdomo. Muhogo ukamponyoka, ukaanguka mchangani, na hakuinama kuuokota.

"Twende, mutoto yangu," mama akaniambia, bila kupunguza sauti. "Panya imenyamaza."